Barua kwa Salim, Tampere: Nokia na programu yetu ya bamvua

Mombasa, 25 Julai 2011

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima na wote wa huko Finland wazima. Huku hatujambo. Mama akusalimu, Fatma amejifungua mtoto wa kiume (usijifanye hujui, najua ameshakupigia), bei ya sukari usiniulize, na Ramadhani ndiyo hiyo yabisha hodi. Salamu zimetosha, nina jambo.

Umeniuliza kwa mstari mmoja tu, yakhe: ile programu yetu ya bamvua, ya kuonyesha kujaa na kupwa kwa maji kwenye simu za Nokia, tuiendeleze au tuiache sasa Nokia wamegeuza njia? Jana baada ya magharibi nilikaa barazani na Kombo tukujibu pamoja, tukaishia kugombana hadi Mama akatoka kuuliza kuna nini.

Kombo anasema Android, basi. Ameshanunua Ideos, ile Huawei ndogo wanayouza Safaricom kwa kama shilingi elfu nane, na siku hizi anaitoa mfukoni hata asipoulizwa saa. Mimi nikamwambia twende soko la samaki tuangalie watu wameshika nini. Nahodha Bakari bado na Nokia E63 yake, kibonye cha A kimefutika kabisa, amekitia alama kwa kalamu. Kila alfajiri kabla ya kutoka anafungua programu yetu aone maji yatajaa saa ngapi na kama ni bamvua au maji mafu. Huyo Stephen Elop, mkuu wa Nokia, hamjui wala hana haja ya kumjua. Sasa mimi nimwambie nini, abadilishe simu kwa sababu kuna watu wamepeana mikono London?

Ngoja nikupangie mambo, ingawa unayajua kuliko mimi, ndipo utaelewa kwa nini sauti ilipanda.

Unakumbuka tulivyoanza na Symbian tupu, mfumo wa simu za Nokia. Kuandika jina la mtu kwenye skrini ilikuwa kazi ya mchana mzima: zile descriptor za kushikia maandishi, za aina chungu nzima, cleanup stack ya kufagia kumbukumbu, kitu kimoja kukiumba kwa hatua mbili ili kumbukumbu isivuje, na ukimaliza bado una safari ya vyeti kabla simu haijakubali kukisakinisha. Kisha 2008 Nokia wakainunua Trolltech ya Oslo kwa ajili ya Qt, zana zao za kuandikia programu, na Symbian yenyewe wakaichukua yote. Kwa mara ya kwanza ukitaka maandishi ukaandika QString na ikaisha hapo. Februari 2010, Barcelona, wakaunganisha mfumo wao mwingine, Maemo, na Moblin ya Intel ikawa MeeGo. Nilicheka nikasema haya, jina jingine tena. Lakini Oktoba walisema neno la maana: Qt peke yake, kwa Symbian na kwa MeeGo. Yaani simu ya leo ya nahodha na simu ya kesho ya bosi wa bandari zitakula msimbo uleule. Huo ulikuwa mpango wenye akili, mpaka leo nasema hivyo, na atakayebisha aje barazani.

Oktoba hadi Februari. Miezi minne, Salim! Tarehe 11 Februari Elop na Ballmer, mkuu wa Microsoft, wamesimama pamoja: Windows Phone ya Microsoft ndiyo njia kuu, Symbian itazeeka polepole, MeeGo imekuwa jaribio, na Qt haitakwenda Windows Phone. Huko ni C# na Silverlight, lugha na zana za Microsoft wenyewe. Hisa za Nokia zikaanguka kama asilimia 14 siku ileile. Wenye hisa wana pa kuuzia, lakini aliyekesha kujifunza QML, lugha ya Qt ya kuchorea uso wa programu, anauza wapi?

Sitaki uone namchukia yule bwana. Ule waraka wake uliovuja, wa mtu aliyesimama kwenye jukwaa la mafuta linaloungua huko Bahari ya Kaskazini, niliusoma mara kadhaa, na mengi ni kweli. iPhone ilitoka 2007 na Nokia bado haijatoa simu inayokaribia kuwa nayo sawa. Alisema pia kwamba kwa mwendo ule, mwisho wa 2011 huenda wakawa na simu moja tu ya MeeGo sokoni. Hiyo nayo kweli, tena wa kulaumiwa ni waliomtangulia. Kwa hiyo kubadili njia naelewa.

Nisichoelewa ni namna alivyotangaza. Amesema bado anatarajia kuuza simu milioni 150 za Symbian, na papo hapo amewaambia watu Symbian haina kesho, na simu yake ya Windows haijatoka hata moja! Ni mume aliyetangaza msikitini kwamba mke mkubwa ataachwa mwakani, kisha akarudi nyumbani kuuliza mbona chakula hakijaiva. Wiki iliyopita hesabu zimetoka: simu janja milioni 16.7 kwa robo mwaka, Apple wamepita milioni 20, na Nokia wamepata hasara ya euro milioni 368. Kombo ananiambia hayo ni maji yaliyomwagika. Wanaahidi Symbian itatunzwa mpaka 2016, na watu wake wanawapeleka kampuni ya Accenture. Sasa wewe mwenyewe…

Haya tuje kwa N9, simu yao mpya ya MeeGo. Umeiona? Mwezi uliopita walipoionyesha Singapore niliangalia video yake usiku kucha kwa modemu ile ya Ali, inakatika kila dakika. Hakuna kibonye hata kimoja mbele, unatelezesha kidole kutoka ukingoni programu inaondoka. Ndani ni Qt. Kila kitu tulichokuwa tunawaomba kiko pale. Siku chache baadaye Elop analiambia gazeti la Helsingin Sanomat kwamba hata N9 ikiuzwa vizuri hawatarudi MeeGo. Na katikati video nyingine imevuja, yeye mwenyewe anawaomba wafanyakazi wazime kamera, anatoa simu iitwayo Sea Ray, umbo lilelile la N9, ndani Windows. Watengeneza programu wanaitwa waiandikie N9, simu ambayo mwenyewe ameshasema haina mrithi. Kuna na ile N950 yenye kibodi, nzuri kuliko zote, haiuzwi, wanaazimwa watengeneza programu tu. Aliyeiunda apewe heshima yake. Aliyeamua isiuzwe sina la kumwambia, mwezi mtukufu unakaribia.

Halafu kuna hili linalonisumbua. Sasa Nokia wanasema Qt haitatupwa, itakwenda kwenye simu za bei nafuu za watu "bilioni ijayo". Bilioni ijayo ndio sisi, Salim. Ndio Nahodha Bakari na mpwa wake. Nikisikia hivyo roho inataka kuamini, maana simu hizo ndizo zinazojaa Mwembe Tayari, na leo ukitaka kuziandikia ni Java tu, nayo unajua ilivyo. Wakileta Qt huko, programu yetu itafika mpaka Lamu na Kilwa. Lakini Oktoba nayo walisema.

Basi jibu langu ni hili, ulipokee au ulikatae. Toleo la Symbian tulimalize, tusiongeze madoido, lifanye kazi vizuri kwa walionalo. Hesabu zote za maji ya Kilindini tuzitoe ndani ya Qt tuziweke peke yake katika C++ ya kawaida, bila QString wala kitu chochote cha mtu. Uso wa programu tuutenge kabisa. Hapo Kombo atengeneze uso wake wa Android, na akikwama tujaribu Necessitas, ule mradi wa kuipeleka Qt kwenye Android. Bado ni mchanga, ila nimeona mifano yake ikienda. C# siigusi mpaka nione kwa macho simu ya Nokia yenye Windows dukani Digo Road, na bei yake. Kombo amekubali sehemu ya kwanza. Ya pili anasema namnyima nafasi ya kuandika upya kila kitu, ambayo ndiyo furaha yake duniani.

Hesabu ya bamvua ya Septemba, kwa njia, bado inapishana kidogo na jedwali la bandari. Dakika chache tu, lakini nahodha ameigundua kabla yangu! Nadhani ni mzunguko wa zile constituent ndogo, vile vipande vya mvuto wa mwezi na jua tunavyovijumlisha kupata maji, tulizikata mapema mno ili programu isiwe nzito. Nakutumia faili, uipitie ukipata nafasi.

Na nina ombi, usicheke. N9 ikifika madukani huko, niulizie bei. Nayajua yote niliyoyaandika hapo juu. Niulizie tu.

Sasa nijibu na wewe, tena usinijibu kwa mstari mmoja. Ni kweli siku ile ya Februari wafanyakazi wa Nokia hapo Tampere walitoka ofisini kwa mamia, au magazeti yametia chumvi? Wale jamaa zako wa mtaa wa Hervanta wanasema nini wakiwa kahawani: wanajifunza C#, wanatafuta kazi kwingine, au wanangoja tu? Mkataba wako unakwisha lini, na hao waliokuajiri wanategemea Nokia kiasi gani? Ukiambiwa uhamie Windows, utahamia? Kuna unayemjua aliyepata N950 utuombee apime programu yetu japo siku moja? Huko jua linazama saa ngapi Agosti, na mtafunga kwa saa za Tampere au mtafuata za Makka? Na ile pesa ya nepi uliyomuahidi Fatma, nimwambie iko njiani?

Wako,
Athman