Uhuru ulikuwa na mizizi Ugogo pia

Mhariri,

Kila Desemba tunasimuliwa uhuru wa Tanganyika kana kwamba ulianza chama cha TANU kilipoundwa Julai 7, 1954, na sisi wa Kanda ya Kati tunabaki wasikilizaji. Manung'uniko ya huku ni ya zamani zaidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo, na mvua zilipokosekana ikafuata njaa ya Mtunya. Mwaka 1947 ukaja mradi wa karanga wa serikali ya Waingereza huko Kongwa, ambako mamilioni ya pauni yalipotea kwenye udongo wa mfinyanzi ambao kiangazi hukauka kama saruji na kuharibu majembe ya trekta. Mwaka huohuo mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ukasambaa kwa njia ya reli hadi bara. Serikali iliyoshindwa kulima karanga (tena kwa matrekta!) iliendelea kumwamuru mkulima namna ya kulima. Naomba makala zenu zijazo ziwahoji watoto wa vibarua wa Kongwa, ambao baadhi wangali hai.

Msomaji wenu,
Dodoma