Barua kutoka Goma: lile neno lako, "wasameheni"

Goma, Agosti 2025

Furaha mpenzi,

Habari za Nairobi, habari za watoto, habari za kazi? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri, ila magoti bado. Benki nyingi hazijafunguliwa tangu waasi wa M23 walipouteka mji Januari, kwa hiyo pesa ya karo usiitume kwanza. Barua nampa Mama Neema, anavuka Gisenyi, upande wa Rwanda, Jumanne. Kuna mambo sipendi kuyaandika kwenye simu siku hizi.

Neno lako la juzi limeninyima usingizi. Uliandika kuhusu mazungumzo ya Doha kati ya serikali yetu ya Kongo na hao M23: "Wapewe msamaha wote, mradi watu walale." Nilimsomea Mama, akasema, "Kweli kabisa, mimi nataka kulala." Nikanyamaza. Nitamjibu nini mtu aliyekimbia mara tano na godoro kichwani?

Lakini Furaha, umesahau 2009? Novemba 2008 watu wapatao 150 waliuawa mjini Kiwanja, kule Rutshuru, na baba mdogo akiwamo. Wauaji walikuwa wapiganaji wa Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi. Wakati huo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imeshatoa hati ya kumkamata kwa kuwaingiza watoto vitani kule Ituri. Miezi miwili baadaye akakubali amani, akaingizwa jeshini akiwa jenerali. Tukaambiwa amani kwanza, haki itafuata. Alikuwa akicheza tenisi hapa mjini, na magari ya Umoja wa Mataifa yakipita barabara ileile. Mama mdogo alikuwa akiuza sombe, majani ya muhogo, mtaani Birere. Msafara wa Bosco ukipita, alifunika beseni kwa kitenge, akageukia ukutani mpaka vumbi litulie.

Amani hiyo ilidumu miaka mitatu. Aprili 2012 Bosco akaasi, na waasi wakajiita M23 kwa tarehe ya makubaliano yenyewe, 23 Machi 2009. Novemba mji wetu ukaanguka mikononi mwao. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeliona jambo hili kabla yetu: Sierra Leone, 1999, kiongozi wa waasi Foday Sankoh alisamehewa na kupewa cheo chenye hadhi ya makamu wa rais. Mwaka uliofuata watu wake wakawateka walinda amani mia kadhaa.

Sisemi watu waendelee kufa mpaka majaji wamalize kazi. Kadogo, mtoto askari aliyechukuliwa njiani akitoka shule asamehewe, arudi kwao. Sheria ya msamaha ya 2014 iliwasamehe walioasi, ikaacha nje uhalifu wa kivita na mauaji ya kimbari. Mimi nasimama hapohapo. Aliyetoa amri ya kuua asipewe nyota begani.

Nayo mahakama ilituacha njaa, nakubali. Bosco alijipeleka mwenyewe ubalozi wa Marekani Kigali mwaka 2013, na 2019 akapewa kifungo cha miaka 30. Tulisikiliza redio pamoja na mama mdogo. Walitaja Ituri, Ituri, Ituri. Kiwanja haikuwa kwenye mashtaka. Akaniuliza, "Na wetu?" Furaha, sauti ile bado ninayo masikioni. Ndiyo maana neno lako limeniuma: unataka wote wasamehewe, na waliowaua wa kwetu hata hawajaulizwa jambo.

Sasa nina ombi. Mama mdogo ana daftari, ameandika majina ya waliokufa mtaani kwao, nani alizikwa wapi, nani hakuonekana. Naogopa kulikalia humu ndani. Je, hapo kazini kwenu mnaweza kulitunza? Nani atalishika, na atalionyesha kwa nani? Watu wa Doha wanapozungumzia wafungwa wa kuachiwa, kuna anayeuliza wamefungwa kwa kosa gani? Na wewe, ungekuwa hapa, ungemwambia mama mdogo lile neno uso kwa uso? Au ulisema kwa uchovu tu? Unakuja lini? Mama anauliza kama unga wa muhogo ulioletewa Pasaka umekwisha.

Wako,
Zawadi