Rudisheni medali, tupate tangi: wito wa harambee ya mbio za shule yetu, Karatu

Ndugu wazazi, wahitimu wa shule yetu mlioko Arusha, Dodoma, Dar es Salaam na ng'ambo, majirani, waumini wa makanisa yote na ndugu zetu wa msikitini: Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, asalaam aleikum. Baada ya salamu, naomba kwanza msamaha, ndipo niombe hela.

Msamaha ni huu. Mwaka jana mlichanga shilingi 4,860,000 kwa ajili ya tangi la maji, na tangi halipo. Hela haikuibwa, kila risiti iko kwenye faili. Iligeuka fulana. Tuliagiza fulana 220 kwa shilingi 11,500 kila moja na medali 200 kwa 4,500, jumla 3,430,000. Muziki, chupa za maji, chakula cha wageni na gari la huduma ya kwanza vikala 870,000. Zikabaki 560,000. Hizo tukanunulia gata, tukazifunga kwenye paa la madarasa mawili, tukajenga na msingi wa kukalishia tangi ukaishia katikati. Aliyeagiza fulana ni mimi, katibu wenu. Niliamini watu hawatokei kwenye mbio zisizo na fulana mpya. Siku yenyewe walitokea 143.

Kwa hiyo ukipita shuleni utaona gata safi, zinang'aa, mdomo umeelekea kwenye msingi mtupu wa matofali. Masika yote maji yalidondoka pale, yakachanganyika na udongo wetu mwekundu, yakashuka na barabara, njia ya bondeni Mang'ola. Siku moja tulijibanza mlangoni mwa darasa na mzee wa kamati, mvua inapiga bati hadi hatusikilizani. Mzee akanisogelea sikioni: "Katibu, tangi letu lile linaelekea Mang'ola." Sikucheka.

Watoto wako pale pale, kwenye madumu. Kwa mliosahau, maana wengine mmeondoka siku nyingi na sasa maji kwenu ni kufungua koki: kila mwanafunzi kuanzia darasa la tatu anakuja na dumu la lita tano, lile la njano la mafuta ya kula. Karibu nusu hayana vifuniko, yamezibwa kwa gunzi la mahindi. Gunzi likiwa bichi linabana vizuri. Likikauka linalegea, mtoto akiteremka mteremko anakimbia kuwahi namba, linachomoka. Mwezi uliopita nilimkuta binti wa darasa la tano kwenye ngema ya barabara, sketi imelowa upande mmoja, anapapasa majani kutafuta gunzi lake. Ndani ya dumu yalibaki maji ya vikombe viwili hivi. Nikamwambia twende tu, nitazungumza na mwalimu. Akakataa, akasema anarudi kuchota. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi na kisima kiko nyuma yake zaidi ya kilometa moja. Nikakosa la kumwambia. Nilikuwa nimevaa fulana ya mbio.

Maji hayo ndiyo ya kupikia uji, ya kunawa, ya kudekia na ya vyooni. Yakiisha saa nne yameisha. Wasichana wakubwa wana siku zao za kutokuja shule, na sisi wazazi tunazijua sababu ila tunanyamaza.

Mwaka huu mbio zipo, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kilometa 5 na kilometa 10, kuanzia uwanja wa shule. Hatununui fulana hata moja. Hatununui medali hata moja.

Fulana 77 zilizobaki mwaka jana ziko stoo ya shule (panya wametafuna nne, tumezihesabu hivyo hivyo). Medali 57 ziko kwenye boksi chini ya meza ya mwalimu mkuu. Hizo hazitoshi, ndiyo maana nawaandikia. Fungueni makabati. Kuna watu humu wana fulana za mbio kumi na tano: za Kilimanjaro Marathon miaka na miaka, za mbio za benki, za mbio za hospitali, nyingine bado zimekunjwa kama zilivyotoka kwenye mfuko. Leteni. Hatujali imeandikwa nini wala mwaka gani.

Tunazigeuza hivi. Kwanza tulijaribu muhuri. Vijana wa darasa la saba walichonga unyayo kwenye soli ya kandambili, ukapendeza kweli, tukapaka rangi ya nguo na kugonga kifuani. Kwenye fulana za pamba ilikaa. Kwenye hizi nyepesi zinazoteleza, polista, ilionekana safi siku ile. Tulipofua, unyayo ukawa doa, mtu anaonekana kama amechinja kuku. Polista ni plastiki, imetokana na mafuta ya petroli, hainywi rangi kirahisi. Basi mama mmoja mwenye cherehani sokoni akatuonyesha njia: fulana igeuzwe ndani nje, maandishi ya wadhamini yabaki ndani, halafu kiraka cha kitenge kishonwe kifuani, ukubwa wa kiganja. Vipande anavyo gunia zima, mabaki ya magauni ya watu. Anatutoza shilingi 500 kwa kila kiraka na anasema hiyo ni bei ya shule. Hakuna viraka viwili vitakavyofanana, na mkiniuliza mimi, zimependeza kuliko zangu za 11,500.

Medali ni kazi ya fundi wetu wa kuchomelea mageti. Anakwangua rangi na mwaka kwa msasa, anageuza upande wa nyuma uwe wa mbele, kisha kwa msumari na nyundo anagonga vitone vinavyochora dumu. Nimekaa naye nikahesabu: vitone ishirini na sita na dumu limeonekana, hadi mkono wake. Utepe wa zamani unatolewa, unawekwa mkunjo wa kanga kuukuu. Ukimaliza mbio unavishwa, unapiga picha, unawatumia ndugu zako. Kisha pale mlango wa kutokea patakuwa na ndoo. Ukiitumbukiza medali humo, mwakani atavaa mwingine. Ukiipenda, ondoka nayo, hakuna atakayekuuliza. Ila watakaoishika ndoo ni watoto wa darasa la pili, na watakuwa wanakutazama.

Nimeshasikia maneno. Kwenye mkutano wa wazazi mmoja alisema tunawadhalilisha wageni kwa medali ya mtumba. Ndugu yangu, shati ulilolivaa siku ile nililiona Jumapili iliyotangulia limetundikwa mnadani, na lilikuwa zuri. Sote tunavaa mitumba, tunaendesha magari ya mitumba kutoka Japani. Hao hao Wajapani, medali zote 5,000 hivi za Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo walizitengeneza kwa madini waliyoyachuja kwenye vifaa vibovu vya umeme vilivyochangwa na wananchi, zikiwemo simu za mkononi zaidi ya milioni sita. Bingwa wa Olimpiki kavaa simu mbovu za watu, na hakuna aliyemcheka.

Tena nani kasema sifa ya mkimbiaji iko kwenye chuma? Mzee John Stephen Akhwari ni wa Mbulu, na sisi wa Karatu tulikuwa wilaya moja na Mbulu. Mwaka 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico, alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, giza limeshatanda, watu wengi wameondoka. Hakuvishwa medali. Mpaka leo ukitaja mbio za mwaka ule, watu wanamtaja yeye. Mshindi aliyechukua dhahabu wengi hawamjui jina. (Ni Mamo Wolde wa Ethiopia, nisije nikamfanyia naye hivyo hivyo.)

Mwalimu wa sayansi ndiye aliyenimaliza. Alisimama akasema wataalamu hukadiria kwamba fulana moja ya pamba, tangu shambani hadi dukani, imetumia lita 2,700 za maji. Akageuka ubaoni, akagawanya kwa tano. Ni madumu 540. Mtoto mmoja, dumu moja kwa siku ya shule, angehitaji karibu miaka mitatu kubeba maji ya fulana moja. Akaweka chaki chini, akakaa. Nami nilikuwa nimeagiza 220, ingawa nyingi zilikuwa za polista.

Na chupa pia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, tukashangilia, halafu mwaka jana tukatapakaza chupa za maji njia nzima hadi ukingo wa msitu. Tuliziokota kwa siku tatu. Mwaka huu maji ya wakimbiaji yatakuwa kwenye ndoo zenye koki, na vikombe ni vile vya uji vya wanafunzi. Unakunywa ukiwa umesimama kama mtu mwenye adabu zake, unarudisha kikombe. Anayekimbilia rekodi ya dunia aje na chupa yake kiunoni.

Sasa hesabu, na safari hii nimeziandika fupi makusudi. Tangi la lita 10,000 pamoja na usafiri, 2,600,000. Saruji mifuko 14 kumalizia msingi, 280,000. Mabomba, koki na fundi, 420,000. Huduma ya kwanza, maji ya siku ya mbio na viraka, 350,000. Jumla 3,650,000. Mkononi tunazo 615,000, zilizotokana na sadaka ya Jumapili mbili na mayai ya wanafunzi. Ndiyo, mayai, kila mtoto aliyeweza alileta moja. Kiingilio ni shilingi 10,000 kwa mtu mzima, wanafunzi bure. Wakija wakimbiaji 200 wa kulipa, tunapata 2,000,000. Zinabaki 1,035,000, na hizo ndizo ninazoziomba kwenu mtakaosoma na hamtaweza kufika.

Haraka inatoka wapi? Vuli. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa letu lile lina mita za mraba 144. Mvua ya milimita 10, ambayo huku tunaiita manyunyu, inatoa lita 1,440. Hata tukitoa inayorukia pembeni, mvua nane tisa za namna hiyo tangi limejaa. Likiwa pale ifikapo Novemba, tumepona. Lisipokuwepo, tunasubiri masika, na maji ya vuli nayo yanaelekea Mang'ola.

Najua hali ni ngumu. Najua pia kwamba mwezi huu nimepokea kadi tatu za michango ya harusi, na majina ya walioahidi laki moja na laki mbili nimeyaona, maana tuko makundi yale yale. Watu wamelipa, tena kabla ya tarehe, kwa sababu mwenyekiti wa kamati ya harusi anapiga simu asubuhi na jioni. Mimi salio la kumpigia kila mtu sina. Nategemea kwamba aliyesoma shule hii, akabeba dumu, hahitaji kupigiwa.

Wala nisiseme kama hamjawahi kutoa. Madarasa hayo mawili yenye gata ni ninyi mliyaezeka, bati kwa bati. Jina la familia iliyoleta bati limeandikwa kwa penseli kwenye mbao za ndani na bado linasomeka. Kwa Wakristo, mnajua lile neno la kikombe kimoja cha maji ya baridi na thawabu yake. Na ndugu zetu Waislamu wananishinda kuijua sadaka ya maji, ile inayoendelea kumwandikia mtu heri hata akiwa kaburini.

Fedha zitaingia kwenye akaunti ya kamati, yenye watia saini watatu. Mimi si mmoja wao, niliomba mwenyewe nitolewe. Namba ya kulipia chukueni kwa mwalimu mkuu au kwa mweka hazina, ana kwa ana au kwa simu mnazozijua. Mkipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", hata ukiwa na jina langu, futeni. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa shule ndani ya siku 14 baada ya mbio, na yatasomwa makanisani na msikitini. Mdhamini anakaribishwa, ila nembo yake itapakwa kwenye tangi, siyo kwenye fulana.

Fulana na medali zipokelewe ofisi ya mwalimu mkuu siku za kazi, au kwa yule mama wa cherehani siku ya mnada. Mlioko Arusha, pelekeni stendi, dereva wa gari la jioni ameshakubali kubeba bure mradi mzigo usizidi gunia moja.

Jambo la mwisho ni la kijijini. Medali za mwaka jana tunazifahamu zilipo. Tatu zimetundikwa kwenye shamba la mahindi kufukuza ndege, na mavuno yameshaisha. Moja iko shingoni mwa mbuzi, naisikia kila jioni ikigongana na mnyororo wakati wa kurudi zizini. Mwenye mbuzi anajijua. Tunaiomba ile medali, mzee wangu. Kengele ya mbuzi nitakununulia mimi, kwa hela yangu.