Sare ya sataranji hudaiwa kabla kete haijaguswa

Ndugu Mhariri,

Habari za mashindano ya sataranji mara nyingi husema mchezo uliisha sare "kwa kurudia hatua mara tatu". Maneno hayo yanapotosha, na mchezaji anayeyaamini hupoteza nusu pointi aliyokuwa ameshaipata. Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, huhesabu mkao wa ubao, si hatua. Mkao uleule ukitokea mara ya tatu, na zamu ni ya mchezaji yuleyule, sare inaweza kudaiwa hata kama katikati zimepita hatua nyingine kumi.

Mwenye nyeupe akitoa farasi mraba wa g1 kwenda f3, mwenye nyeusi akitoa wake g8 kwenda f6, kisha wote wakawarudisha, na wakafanya hivyo tena, mkao wa mwanzo umeshatokea mara tatu, kwani ule wa kuanzia nao umo kwenye hesabu. Ngome ambayo bado ina haki ya kuhamishwa pamoja na mfalme ikisogea na kurudi ni jambo jingine: haki hiyo imepotea, kwa hiyo mkao unaoonekana uleule ni mpya kikanuni.

Wengi huangushwa na utaratibu. Ikiwa hatua yako ndiyo italeta mkao mara ya tatu, iandike kwenye karatasi lakini usiicheze. Simamisha saa, mwite mwamuzi, mweleze kwamba unakusudia kuicheza. Ukiicheza na kubonyeza saa ndipo udai, umechelewa. Haki ya kudai sasa ni ya mpinzani, na anayetafuta ushindi hatadai. Ikiwa mkao umeletwa na hatua ya mpinzani, dai kabla hujagusa kete, maana ukiigusa kwa nia ya kuicheza, huwezi tena kudai kwa zamu hiyo.

Dai likiwa si sahihi, mpinzani huongezewa dakika 2, na hatua uliyoiandika lazima uicheze. Mchezo usio na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua huruhusu aliyebakiwa na chini ya dakika 5 kuacha kuandika. Anayewinda sare asiitumie ruhusa hiyo, kwa sababu bila kumbukumbu ya hatua ni vigumu mno kulithibitisha dai lake.

Tunaomba waandishi wenu waandike "mkao umetokea mara tatu".

Waamuzi wa sataranji