Somo, nakuja kwako na mguu wangu

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu,

Salaam nyingi. Huku wazima wote, mimi nusu. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Usinune, soma kwanza.

Ni ule mguu niliovunjika kifundo. Kumbe haukupona, uliunga tu. Daktari niliyemwona safari hii hakuanza na picha. Alizichukua kandambili zangu akazipindua: ya kulia imelika upande wa ndani, ya kushoto nzima. Mimi naona aibu kwa matope, yeye anaguna tu. Ndipo akataka picha ya miguu yote miwili, ule mzima uwe kipimo.

Basi, nilipoangushwa na ile bodaboda walinifunga plasta, picha ya pili haikupigwa, nami sikuuliza. Mfupa mwembamba wa nje ukajipinda humo humo ndani, ukaunga mfupi. Ule wa chini ya kifundo nao ukahamia nje. Anasema ukihama milimita 1 tu, sehemu ya mifupa inayogusana hupungua kwa asilimia 42, wenzao walipima tangu 1976. Wangu umehama 3! Hesabu hunijui nazo, lakini hiyo niliielewa.

Dawa yake ni kuukata tena ule mwembamba. Somo, kukata kwa makusudi mfupa ulioungana! Watauvuta urudi urefu wake, wauzungushe, pengo walijaze kwa kipande cha nyonga yangu mwenyewe, kisha chuma na skrubu. Baba watoto anataka kwanza twende kwa yule mzee wa Pangani akanikande. Nikamwambia mzee anakanda nyama, mfupa ulioungana haukandiki. Amenuna hadi leo.

Lakini kukata, Somo! Silali. Na nikichelewa gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, ikaisha, watakigandisha kifundo kisikunjike tena. Hata sasa kwenye tahiyatu mguu wa kulia hausimami, nasali kwenye kiti kama bibi yetu.

Nitafanyiwa huko Dar mwezi ujao, kisha si chini ya wiki 6 nisiukanyage. Kwako hakuna ngazi. Choo cha kukaa bado kizima? Shemeji atanivumilia na magongo yangu? Yale ya marehemu mjomba mnayo? Na wewe ulipopasuliwa, ile sindano ya mgongo uliisikia? Niambie kweli, usinibembeleze.

Somo wako