Diski mpya hazitamaliza foleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako nizungumze na wakubwa wa ofisi zetu zinazotumia kompyuta kuu, zile za meinifremu.

Majuzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa mjini nikifuatilia malipo yangu ya ustaafu. Jina lake naliacha. Binti wa dirishani, mpole kabisa, akatutangazia kuwa mtandao hakuna, turudi kesho. Nyuma yake kijana alikuwa anamsomea mtu namba kwenye simu: 904 yenye alama ya kutoa. Nikacheka peke yangu. Katika kanzidata ya DB2 ya IBM, namba hiyo maana yake ni kwamba kitu kinachohitajika hakipatikani. Sababu zake ni nyingi, lakini enzi zangu kwenye chumba cha kompyuta, zamu zetu za mwisho wa mwezi zilipokumbwa nayo, mara nyingi tulikuta faili limefika mwisho na limegoma kuongezwa. Waya wa mtandao ulikuwa mzima.

Najua kitakachofuata. Mkuu ataomba fedha, tenda itatangazwa, diski zitanunuliwa, na faili lile lile litakwama tena.

Data za DB2 hukaa kwenye mafaili, na kila faili hupewa nafasi ya kuanzia. Likijaa, mfumo hulikatia kipande kingine cha diski, halafu kingine. Vipande hivyo, ekstenti kwa lugha ya kazi, vina ukomo: 123 kwenye diski moja, na 255 kwa faili zima kama mtaalamu hajaondoa kizuizi hicho. Majedwali mengi ya mtindo wa zamani yana ukomo mwingine: mafaili 32 ya gigabaiti 2, jumla 64, basi. Kwa hiyo faili linaweza kukwama huku nusu ya diski ikiwa tupu. Mkubwa anayetazama mchoro wa nafasi iliyobaki analala usingizi mzuri tu.

Na mashine haifanyi hila. Faili likikaribia kikomo huandika ujumbe DSNP001I. Likishindwa kuongezwa huandika DSNP007I. Tatizo ni kwamba ujumbe huo wa kwanza unapita kwenye logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya mfumo, katikati ya maelfu ya mistari mingine, na siku hizi nani anausoma?

Sisi tulikuwa na daftari la kaunta. Kila wiki tulitoa LISTCAT, orodha ya mfumo inayoonyesha hali ya kila faili, kwa mafaili makubwa na kuandika tarakimu mbili, HI-A-RBA na HI-U-RBA, yaani nafasi iliyotengwa na iliyokwisha kutumika, kisha idadi ya ekstenti. Faili likianza kukimbia, tulipanga REORG, kazi ya kulipanga upya faili, usiku wa Jumapili, likajengwa upya kwa nafasi kubwa ya kuanzia. Faharasa, yaani mafaili ya kutafutia data haraka, pia tuliziandika. Watu huzisahau, na huweza kujaa kabla ya jedwali lenyewe.

Vijana wataniambia daftari limepitwa na wakati. Sawa. Tangu toleo la 8 DB2 inaweza kujipangia ukubwa wa vipande, ikaviongeza kadiri faili linavyokua, na takwimu sasa zinasomwa kwa swali moja la SQL, lugha ya kuuliza kanzidata. Ni maendeleo makubwa. Lakini ule ukomo wa gigabaiti 64 uko palepale kwa majedwali yale ya zamani, na swali la SQL halijiulizi lenyewe.

Ombi langu kwa bodi: kabla ya kusaini ununuzi wa diski, mwulizeni mkuu wa TEHAMA ni faili gani litafika kikomo kwanza, na lini. Asipokuwa na jibu, fedha hizo zitumike kumwajiri mtu wa kulitafuta. Na zamu ya usiku iliyofutwa kubana matumizi irudishwe, walau kwa siku za mishahara na pensheni.

Mstaafu wa chumba cha kompyuta,
Tandika, Dar es Salaam