Mihuri kumi na minne, presha mara mbili: barua ya wazi kwa Mfamasia Mkuu wa Serikali

Ndugu Mfamasia Mkuu wa Serikali,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, basi habari za kazi.

Mimi ni karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, mkazi wa Mbagala Rangi Tatu, mwanamke wa miaka 33. Nina kaunta buku la mwaka 2019 ambalo bosi alitaka lichomwe, nikalificha. Ukurasa mmoja unaanza vizuri: "Nondo mm 12, vipande 40, zimetoka." Mstari wa pili: "Saruji mifuko 25." Wa tatu unaanza "Misumari nch", halafu wino unateremka, unakata mistari miwili na kuishia pembeni mwa karatasi. Chini yake nimeandika, kwa mwandiko wangu kabisa: "nazi za babu ziletwe kabla ya mvua." Hatuuzi nazi. Babu alifariki nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nimelala macho wazi, mkono unaendelea na kazi, ndoto ikapenya humo humo kwenye hesabu za watu.

Ugonjwa wangu unaitwa nakolepsi, ugonjwa wa kudumu wa kushikwa na usingizi mchana bila kutaka. Kiswahili kina malale, lakini malale ni ya mbung'o, ina vijidudu vyake kwenye damu na dawa zake. Kliniki ya kwanza niliyopelekwa, nikiwa kidato cha pili, tabibu aliniuliza kama nimewahi kuishi Tabora au Kigoma, akatoa damu akatafute hivyo vijidudu. Sina kinyongo naye, usingizi wa kupindukia aliufahamu kwa jina hilo moja. Baada ya malale ikaja malaria, ikaja taifodi, ikaja upungufu wa damu, ikaja mimba (nilikuwa na miaka kumi na tano, mama alilia siku mbili mpaka kipimo kiliporudi). Mwisho wakaja majini, maana usiku nilikuwa nakabwa na jinamizi: nimeamka, naona mtu kasimama mlangoni, siwezi kuinua hata kidole. Nilisomewa, nikafukizwa, nikanyweshwa kombe. Nikaendelea kulala darasani.

Jina la ugonjwa nililipata Chennai mwaka 2021, kwa mchango wa ukoo mzima na kikoba cha mama. Walinibandika nyaya kichwani usiku kucha, kesho yake wakaniambia nilale tena mara tano, kila baada ya saa mbili, dakika ishirini kila mara. Kigezo chao ni kwamba mtu akisinzia kwa wastani wa dakika 8 au chini yake, na ndoto zikamwahi mapema angalau mara 2, huyo anao. Mimi wastani wangu ulikuwa dakika mbili, ndoto mara nne kati ya tano. Ndio mtihani pekee maishani mwangu niliofaulu kwa kulala.

Wewe ni mfamasia, sitakufundisha kazi. Lakini barua hii ni ya wazi na wengine wanaisoma, kwa hiyo nivumilie kidogo. Ndani kabisa ya ubongo kuna kikundi kidogo cha seli zinazotengeneza kemikali iitwayo oreksini, iliyogunduliwa mwaka 1998. Ndiyo inayoushikilia ubongo ubaki macho. Mwaka 2000 watafiti walipochunguza bongo za watu waliofariki wakiwa na ugonjwa kama wangu walikuta asilimia 85 hadi 95 ya seli hizo hazipo. Zimekwisha, na hazioti tena. Ni kama mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake limeacha kutoa insulini. Sijawahi kusikia mzazi wa mtoto huyo akiambiwa dirishani, "Mama, insulini hii mtoto ameitumia sana, mwezi huu apumzike kidogo." Mimi nimeambiwa hivyo mara tatu.

Natumia dawa mbili. Ya kwanza ni modafinili, miligramu 200, saa kumi na mbili asubuhi, na mwezi wa Ramadhani naimeza na daku. Hainifanyi malaika. Inaniondoa kwenye hali ya mtu aliyekesha siku mbili na kunifikisha kwenye hali ya mtu aliyelala vibaya jana, na kwa hali hiyo naweza kuhesabu nondo. Ya pili ni venlafaksini, ambayo watu wengi wanaijua kwa sonona. Kwangu kazi yake ni nyingine: inazuia kuanguka.

Hapo kwenye kuanguka nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wa dirishani hawaelewi.

Wenye nakolepsi ya aina yangu tukicheka sana, au tukishtuka kwa furaha, misuli inazima. Akili iko pale pale, unasikia kila kitu, lakini magoti hayapo na shingo haipo. Mwaka jana mwezi wa nne dawa ya pili iliniishia siku ya Ijumaa, na cheti kipya kilikuwa cha Jumatano. Jumatatu jioni nimesimama kwenye daladala ya Mbagala, nimeshika bomba, kope zinagoma. Konda akaniona. Akapaza sauti gari zima lisikie: "Dada, hii ni daladala siyo gesti! Ukilala, nauli inabadilika, na chai hatutoi!" Gari likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, kwa sababu ilichekesha kwa kweli. Nikateremka kama kanga iliyochomoka kwenye kamba, nikaangukia ndoo ya samaki ya mama mmoja. Nilikuwa nasikia kila kitu: "Kifafa hicho, mtieni kijiko mdomoni!" "Mnusisheni kiatu!" "Kalewa huyu." Mama wa samaki ndiye aliyenikinga kichwa kwa mapaja yake mpaka nikarudi, kama dakika mbili. Samaki watatu waliharibika na akakataa kulipwa.

Hiyo siyo bahati mbaya, ni famakolojia. Venlafaksini haikai mwilini muda mrefu, na ukiikata ghafla kuanguka kunarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Wiki ile nilianguka mara kumi na moja. Pengo la siku tano kwenye karatasi ya mtu, kwangu lilikuwa magoti yaliyochubuka na jino moja la mbele.

Sasa nikusimulie mwezi wangu. Siku ya 26 naomba ruhusa kazini. Siku ya 27 nipo kwenye foleni ya hospitali saa kumi na moja alfajiri, na foleni kwa mtu kama mimi ni adhabu juu ya ugonjwa, nimepitwa na namba yangu mara nyingi nimelala kwenye benchi. Daktari wa zamu ni mwingine kila mara, naanza upya: Chennai, nyaya, dakika mbili. Mmoja aliniuliza, "Bado tu una usingizi?" Cheti kinaandikwa cha siku 30. Fomu ya bima inajazwa, inarudishwa, inajazwa. Mhuri. Dirisha la dawa: hamna. Naenda famasi za mjini, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mfamasia anainua cheti changu kwenye mwanga kama anayekagua noti ya elfu kumi. "Unasoma chuo? Mumeo ni dereva wa lori?" Kila dirisha linanitajia sheria, na hakuna hata moja lililowahi kunionyesha.

Kwa miezi kumi na minne iliyopita nimegongewa mihuri kumi na minne. Nimepimwa presha mara mbili.

Nimeziandika namba hizo mbili juu kabisa kama kichwa cha barua kwa sababu ndizo shauri langu lote. Mimi sipingi udhibiti. Modafinili inanunuliwa na watu wasioumwa chochote, wanafunzi wanaokesha na madereva wanaotaka kuunganisha Tunduma na Dar kwa usiku mmoja. Mfamasia anayeniuliza maswali anafanya kazi yake. Lakini udhibiti huu unaangalia karatasi, hauniangalii mimi. Dawa hii inaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo. Moyo unatakiwa kupimwa kabla ya kuanza, na presha kufuatiliwa kadiri miaka inavyokwenda. Inaweza kuvuruga akili ya mtu. Mara chache huleta upele mbaya unaomenya ngozi, na upele huo haupaswi kusubiri tarehe ya kliniki. Halafu kuna hili: nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, na modafinili hulisukuma ini kuivunja haraka homoni ya kijiti, kinga ikapungua. Hakuna daktari wala dirisha lililoniambia. Nilisoma mwenyewe kwenye ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, herufi ndogo kama sisimizi, baada ya mwaka mzima wa kumeza. Na dawa yenyewe haishauriwi kwa mjamzito, kwa hofu ya madhara kwa mtoto. Mihuri ile yote, na swali hilo moja halikuulizwa.

Utaniambia nchi nyingine nazo zinaogopa. Kweli. Mwaka 2010 wakala wa dawa wa Ulaya ulipendekeza modafinili iondolewe kwenye magonjwa mengine iliyokuwa ikitumika, kwa sababu faida haikuzidi madhara. Ugonjwa ulioachwa kwenye orodha ni mmoja, nakolepsi. Hata walipoogopa walitukumbuka. Na kama shaka ni mikataba ya kimataifa, modafinili haimo kwenye majedwali ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Iliyomo ni methilifenideti, Jedwali la Pili, ambayo nayo hutumika kwa ugonjwa wetu modafinili isipomfaa mtu. Lakini mkataba huo huo, kwenye utangulizi wake, unasema dawa hizi haziepukiki kwenye tiba na upatikanaji wake kwa ajili hiyo usibanwe kupita kiasi. Wanaotutajia mikataba hawafiki kwenye sentensi hiyo.

Wala sikuombi kitu ambacho nchi hii haijawahi kufanya. Mtaani kwetu yupo dada anayekwenda CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hali yake imetulia, virusi vimefubaa, anapewa dawa za miezi sita kwa mkupuo mmoja na kurudi kwenye genge lake la nyanya. Nchi ilikaa ikaona kwamba mtu wa dawa za maisha ukimsumbua kila mwezi utamfanya aache, ikabadilisha utaratibu. Tulishaelewa. Kinachotakiwa ni ufahamu huo uvuke korido mbili, kutoka jengo lile kwenda kliniki ya mishipa ya fahamu.

Kama shaka ni kwamba tupo wachache, nipe nafasi ya hesabu ya karani. Nchi zilizohesabu wagonjwa wake mara nyingi zinapata kati ya mtu 1 kwa kila 2,000 na 1 kwa kila 4,000. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Hata tukichukua ile ndogo, ni zaidi ya watu 1,300 kwenye mkoa huu peke yake. Wengi wao sasa hivi wanaitwa wavivu au wana majini. Wengine wamejigundulia tiba yao: kahawa za kijiweni, vinywaji vya makopo, na mirungi, ambayo mtu ataipata Dar es Salaam haraka kuliko mimi ninavyopata kidonge changu halali, na hakuna anayemwomba cheti.

Ombi langu linatosha kwenye waraka wa ukurasa mmoja wenye saini yako. Mgonjwa aliyekwisha kuthibitishiwa na bingwa kwamba ana ugonjwa wa kudumu wa usingizi, na hali yake imetulia, aandikiwe dawa za miezi mitatu. Achukulie kwenye kituo kimoja kilichoandikwa kwenye daftari lake, ili anayetaka kuuza vidonge barabarani ashindwe kuzunguka madirisha. Na kila miezi hiyo mitatu, kabla ya kupewa, apimwe presha na mapigo, aulizwe anavyolala usiku, akili yake ikoje, na kama ni mwanamke anatumia njia gani ya uzazi. Asiyekuja kupimwa asipewe. Hapo ndipo mtadhibiti kweli, na kazi ya madirisha itapungua, sio kuongezeka. Na mtakapoupitia tena Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, magonjwa haya yapatiwe mistari yake, daktari wa zamu awe na pa kusoma badala ya kunisikiliza mimi.

Barua hii nimeiandika asubuhi nne, kila siku kati ya saa moja na saa tatu, wakati dawa imeshika. Kuna mahali nilisinzia, binti wa dada yangu akaniondolea maneno mawili yaliyohusu embe.

Leo ni Jumapili. Kwenye boksi kuna vidonge vinane vya asubuhi na saba vya kutoanguka. Kliniki ni Jumanne ya wiki ijayo, siku tisa kutoka leo.

Wako mtiifu,

Karani wa stoo,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam